Vipulizio Vitatu vya Ambwene

"Kipulizio hakichaguliwi kwa macho." Jana mlinisikia nikimwambia hivyo Lugano, alipotaka kununua baiskeli kwa sababu kengele yake inang'aa, nanyi mkaniuliza kipulizio na baiskeli vimekutana wapi. Basi, mwanzo wa neno hili ni huu.

Ambwene, fundi cherehani wa kijiji hiki, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na bati juu ya nyumba, hakuwa na jino moja la mbele. Hayo yote aliyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni kukosa tarumbeta. Kila Pasaka, kabla ya jua, bendi ya usharika husimama makaburini, na jua likichomoza tu, mmoja hutangulia kupuliza peke yake. Kwa miaka ishirini huyo mmoja alikuwa baba yake. Mzee alipofariki, tarumbeta la usharika alilolipuliza lilikuwa limekwisha kutoboka, na kiongozi wa bendi akasema wazi: "Atakayekuja na chombo chake kabla ya Ijumaa Kuu ndiye atakayetangulia."

Ambwene alitaka sauti ya kwanza juu ya kaburi la baba yake itoke kwake. Akauza cherehani moja kati ya mbili, akaenda mjini kwa Mzee Mwasomola, mpiga tarumbeta mstaafu aliyefundisha wanafunzi na kuuza vyombo vya zamani.

Mzee alimtolea koneti, lile tarumbeta fupi, lenye kovu la kubonyea ubavuni, lakini vali zake, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, zilipanda na kushuka bila kukwama. Ambwene akalipenda, akalilipia. Kisha mzee akafungua kopo la siagi lenye vipulizio vitatu, vile vikombe vidogo vya chuma ambavyo mpulizaji huviweka midomoni. Kimoja kikubwa, kinang'aa kama dhahabu. Cha pili cheupe kama fedha. Cha tatu kimeingia weusi, kidogo, kimezeeka.

"Fumba macho, ujaribu vyote," mzee akasema.

"Mzee wangu, mimi ni mtoto wa mpiga tarumbeta. Kitu kizuri nakijua nikikiona."

"Haya, nimesikia. Chukua vyote. Baada ya Pasaka unirudishie viwili."

Ambwene alichomeka kile cha dhahabu, akakisugua kwa majivu na limau hadi kikamwonyesha sura yake. Akaenda nacho mazoezini, akapuliza. Sauti ikatoka kama ya ndama aliyekwama matopeni.

"Ambwene!" akaita mpiga ngoma. "Mama yake huyo ndama yuko wapi, aje amnyonyeshe?"

Bendi nzima ikaangua kicheko. Na Ijumaa Kuu ilikuwa keshokutwa.

"Nimeuza cherehani nikaleta chuma chakavu," alimlalamikia mkewe, Tusajigwe, aliyekuwa amempa mgongo akichambua maharage.

"Baba Atu, badilisha hicho kidude."

"Hiki ndicho kizuri kuliko vyote!"

"Kizuri kwa nani? Mimi sikioni, nakisikia tu. Kinalia njaa. Weka kingine."

Akaweka cha fedha, akapuliza.

"Hicho kina mafua. Kingine."

Kwa shingo upande akaweka kile cheusi. Ukingo wake ulikaa midomoni sawasawa, ukalikwepa lile pengo la jino. Akapuliza. Sauti ikatoka imenyooka, tamu, ikavuka migomba hadi ng'ambo ya mto.

Mikono ya Tusajigwe ikasimama juu ya ungo. Hakugeuka.

"Baba mkwe amerudi," akasema.

Siku ya Pasaka jua lilipochungulia mlimani, Ambwene alitangulia. Mpiga ngoma alivua kofia. Wanawake walipiga vigelegele katikati ya makaburi, na mchungaji, ambaye angeweza kuwakataza, alikuwa akifuta miwani yake.

Jumanne Ambwene alivifunga vipulizio viwili katika kipande cha kitenge, akaketi na kalamu. Kuandika alikuwa amejifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na hii ndiyo barua yake ya kwanza maishani.

"Mzee wangu, shikamoo," aliandika. "Narudisha viwili. Uliniambia nifumbe macho, nikajifanya hodari. Mke wangu amenifundisha akiwa amenipa mgongo. Tafadhali waambie wanafunzi wako: kipulizio hakichaguliwi kwa macho."

Akaisoma mara mbili. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akaipeleka posta pamoja na kifurushi chake, huku akipiga mluzi kupitia pengo la jino.