Mama Aliyeitwa Mteja

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, simu zilipokuwa bado na vitufe, palikuwa na mwanamke wa Same aitwaye Nakijwa, mhadhiri wa masoko wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kufundisha hamu. "Muuzaji hauzi sabuni," aliwaambia wanafunzi, "anauza hamu ya kunukia." Darasa likacheka, naye akacheka. Hamu yenyewe alikuwa hajaijua.

Aliijua alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Binti yake, Namsifu, ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Mdogo wake Nakijwa, Hoyce, aliyekuwa akijifunza ushonaji mjini, akaacha cherehani akaja kulea.

Kila jioni mume, Elinihaki, alimpakata mtoto, akapiga simu, akamwekea sikioni. Na karibu kila jioni sauti ya yule mwanamke wa mitamboni ilijibu: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Jamani, msimlaumu upesi. Nakijwa aliizima simu kwa makusudi. Siku alizoiwasha alisikia sauti ya mwanawe, akashindwa kusoma hata ukurasa mmoja, akatamani kufunga begi arudi. Basi akaizima ili amalize haraka. Usiku alilala na kigauni cha mtoto puani, mpaka kikaisha harufu. Sabuni za huko zilinukia zote, ila hakuna iliyonukia Namsifu.

Akamaliza, akarudi. Mtoto, sasa anakimbia na kusema, akajificha nyuma ya kanga ya Hoyce, akachungulia, akauliza kwa adabu:

"Shikamoo. Wewe ndiye Mteja?"

Watu walicheka mpaka machozi. Nakijwa naye alitoa machozi, ila yake hayakuwa ya kicheko.

Jina likamganda. Namsifu alikua akimwita Hoyce mama, na mama mzazi akimwita Mteja. Kwa upendo, ndiyo, lakini Mteja. Nakijwa akaandika vitabu, akafundisha mameneja, akapanda ngazi hadi uprofesa. Mwanamke aliyejua kuuza kila kitu alitamani neno moja dogo, na hakujua linauzwa wapi.

Sasa, chuo kile kilikuwa na desturi yake. Profesa mpya huvikwa joho mbele ya watu na mtu mmoja wa nyumbani kwake, mmoja tu, anayechaguliwa na profesa mwenyewe. Siku ikafika, joho likaletwa, na Nakijwa alikuwa hajachagua. Mumewe, mdogo wake na binti yake wakasimama, kila mmoja akitaka kumvika.

Elinihaki akasema: "Mke wangu, mimi ndiye niliyepiga simu. Bila mimi mtoto asingejua kuna mtu wa kutafutwa. Nilikungoja, wala sikutazama pembeni."

Hoyce akasema: "Dada, wewe ulisoma kwa sababu mimi niliacha kusoma. Homa zake, vilio vyake, siku yake ya kwanza ya chekechea, vyote nilivibeba mimi. Sikuzaa wa kwangu. Cherehani sikuishika tena. Joho hili, dada, ningelikushonea mwenyewe."

Namsifu, binti mkubwa sasa, akasema: "Hao walitoa kwa hiari yao. Mimi hakuna aliyeniuliza. Kilichotolewa ni mimi."

Kisha akanyoosha mikono miwili, akaita: "Mama!"

Wanawake wawili wakaitika kwa pamoja: "Abee!"

Nakijwa akamtazama Hoyce, Hoyce akamtazama Nakijwa. Namsifu alibaki na mikono yake hewani, machozi yakimtoka, na hakusema alimwita nani. Joho lilikuwa kwenye kiti, linasubiri.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimeshamaliza yangu. Aliyepiga simu yupo, aliyelea yupo, aliyetolewa yupo, na joho ni moja. Je, nani alistahili kumvika Nakijwa?