Nyegere na Watunza Mtambo

Wenzangu, mpo?

Tupo, na tumekaa vizuri!

Nimwage nisimwage?

Mwaga, tukinge!

Haya, kingeni. Asiyekinga asije akasema kesho hakuambiwa.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisaga na kupika kama sisi, palikuwa na bonde lenye mto wenye nguvu. Kando ya mto huo wanyama walijenga mtambo wa kusaga nafaka. Maji yaliingia kwa mfereji, yakapita kwenye lango la mbao, yakaangukia gurudumu kubwa kuliko nyumba. Gurudumu likazunguka, mawe yakazunguka, unga ukamwagika. Mahindi pale, mtama pale, ulezi pale. Bonde zima lilikula kwa mtambo ule.

Na kila sehemu ya mtambo ilikuwa na mtu wake. Fuko alikuwa wa mfereji, akizoa tope. Ngiri alikuwa wa lango, akifungua na kufunga maji. Mhanga alikuwa wa mawe, akiyachonga yakianza kuwa laini. Na mzee Nungunungu alikuwa wa gurudumu.

Huyu Nungunungu alikuwa na maneno makali kama mgongo wake. Kila asubuhi, kabla maji hayajaachiwa, alichomoa mwiba mmoja, akaanza kugonga mbao za gurudumu. Ko, ko, ko. Akagonga na kutega sikio, akagonga na kutega sikio. Ubao uliomjibu vibaya aliung'oa, akaweka mwingine. Lakini hakumruhusu mtu asogee.

"Mzee, unasikiliza nini?" wenzake walimuuliza.

"Ungekuwa na masikio usingeniuliza. Haya, tokeni hapa! Gurudumu hili ni langu."

Basi siku moja Nungunungu akaugua homa. Akalala ndani, hajiwezi. Huku nyuma ubao mmoja ukavunjika, gurudumu likasimama, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Unga ukaisha majumbani. Watoto wakalala na njaa, wakaamka na njaa.

Hapo ndipo akatokea Nyegere.

Nyegere alikuwa fundi hodari, na woga hakuujua. Jembe likikatika, Nyegere. Mlango ukianguka, Nyegere. Aliingia chini ya gurudumu, maji yakimpiga usoni, akahangaika humo hadi jua likapanda utosini. Akatoka amelowa chapachapa, akasema, "Achieni maji." Gurudumu likazunguka.

Wanyama wakapiga vigelegele. Kima akarukia juu ya gunia, akaanzisha wimbo, na wote wakapokea:

Nyegere kaja, Nyegere kaja,
kilichokufa kimeamka!
Nyegere kaja, Nyegere kaja,
kilichokufa kimeamka!

Nyegere hakuwa amewahi kusikia jina lake likiimbwa. Alirudi nyumbani, akala, akalala, na wimbo bado unazunguka kichwani mwake. Ulikuwa mtamu kuliko asali, na mnajua Nyegere na asali.

Nyati, mkubwa wa bonde, akamwita. "Kuanzia leo, wewe ndiye mkuu wa mafundi wote. Wapange unavyoona wewe."

Nyegere akafikiri. Wala hakufikiri kwa ubaya, nawaambia ukweli. Aliwaona wale watoto walivyolala na njaa, akasema moyoni, haya yote ni kwa sababu mzee mmoja amekumbatia gurudumu kama mali ya babake. Akawaita mafundi.

"Ndugu zangu," akasema, "mambo ya mfereji wa Fuko na gurudumu la Nungunungu yamekwisha. Sote tutakaa pamoja kwenye banda langu. Kitu kikiharibika tunaitwa, tunakwenda wote, tunatengeneza. Na lango la maji lisifungwe wala kufunguliwa bila neno langu, ili pasiwe na vurugu."

Ngiri akakuna sikio. "Na kama hakuna kilichoharibika, mkubwa?"

"Tunapumzika."

Wakafurahi. Nani asiyependa kupumzika?

Nungunungu alipopona akaja bandani, anatembea kwa kujivuta. "Wewe Nyegere, nani kakwambia uguse gurudumu langu?"

"Si lako tena, kaka. Ni letu sote. Karibu ukae."

"La sote! Haya basi, leo nani kaliangalia?"

Nyegere akamtazama Fuko. Fuko akamtazama Mhanga. Mhanga akasema, "Mimi nilidhani Fuko amepita." Nyegere akacheka, akamwekea mzee kigoda. Mzee hakukaa. Aligeuka, akaenda zake.

Haukupita muda, mfereji ukaziba. Hapakuwa na mtu wa kuzoa tope kila siku, basi tope likapanda, maji yakamwagikia mashambani. Mafundi wakaitwa. Wakaenda wote, Nyegere mbele, wakachimba, wakavuta, wakasukuma. Maji yakapita. Na Kima juu ya gunia:

Nyegere kaja, Nyegere kaja,
kilichokufa kimeamka!

Njiani wakirudi, Nungunungu akasogea karibu na Nyegere. "Mdogo wangu, Fuko alikuwa akizoa kidogo kidogo, mfereji hauzibi. Mrudishe Fuko kwenye mfereji. Na mimi nirudishe."

"Kaka, umeona tulivyoutengeneza haraka?"

"Nimeona. Ndiyo ninachokuambia."

Nyegere hakumwelewa, au hakutaka kumwelewa.

Mara ya pili yakapasuka mawe. Hakuna aliyekuwa ameyachonga, yakasagana yenyewe kwa yenyewe mpaka moja likatoa ufa toka ukingo hadi ukingo. Mafundi wakaitwa. Wakaenda wote, wakabingirisha jiwe jipya toka mlimani, mikono ikachubuka, migongo ikauma. Mtambo ukasaga. Na Kima juu ya gunia:

Nyegere kaja, Nyegere kaja,
kilichokufa kimeamka!

Nungunungu akaja tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Mdogo wangu, gurudumu linalia. Nimepita njiani tu, nikalisikia. Mhimili wake, ule mti unaolibeba, umeanza kuoza ndani. Nipe siku moja lisimame, nilifungue niangalie."

"Lisimame? Bonde zima lipo kwenye foleni na nafaka zao!"

"Siku moja."

"Nifundishe basi hicho unachosikia, na mimi nisikie."

Miiba ikamsimama Nungunungu, ikalala. "Hakifundishiki," akasema.

"Basi tusubiri. Likiharibika tutakwenda."

Hivyo ndivyo walivyoachana, mmoja hataki kugawa alichonacho, mwingine hataki kusikia asichokijua. Laiti mmoja wao angelainika jioni ile, ngano yangu ingeishia hapa, nasi tungekwenda kulala tunacheka.

Ikafika siku ya mavuno. Mtamboni mama zetu wamejaa, Pofu na watoto wake, Swala, Kanga, kila mmoja na kikapu chake. Siku hiyohiyo mlango wa ghala la Nyati, huko mwisho wa bonde, ukang'oka. Mafundi wakaitwa. Wakaenda wote.

Ngiri peke yake aliachwa langoni, na Nungunungu naye hakwenda. Alishuka mtoni, akaweka sikio kwenye gurudumu linalozunguka. Akalitoa sikio haraka.

"Ngiri! Funga lango!"

Ngiri akashika mti wa lango, akauachia. "Mzee, siwezi. Nyegere kasema mpaka neno lake."

"Mhimili unakatika! Funga!"

"Mzee wangu, nikifunga bure leo, siku ya mavuno, nitasema nini? Tumtume Swala. Swala ana mbio."

Swala akakimbia. Wenzangu, alikimbia! Vumbi lilibaki nyuma likimtafuta. Akafika ghalani, moyo unataka kumtoka mdomoni.

Akakuta mlango umeshasimama. Kima yuko juu ya gunia, wanyama wanapiga makofi, wimbo umepamba moto. Swala akaita, "Nyegere! Nyegere!" lakini kila mtu pale alikuwa akiita Nyegere, Nyegere. Akapenya katikati yao. Nyegere akamwona. Aliuona mdomo wa Swala ukifunguka na kufungwa, aliyaona macho yake. Akainua mkono, akamfanyia ishara: ngoja, wamalize.

Swala akangoja. Wakamaliza.

"Nungunungu anasema lango lifungwe, mhimili unakatika!"

"Funga! Kawaambie wafunge!" Nyegere akapiga kelele, na yeye mwenyewe akaanza kukimbia.

Kule mtoni Nungunungu hakuwa amekaa. Aliwafokea mama wale kwa maneno yake makali, "Tokeni! Tokeni nje, acheni vikapu!" Wakatoka mbiombio, lakini Pofu alikuwa na watoto wawili ndani, na mlango ulikuwa mwembamba. Gurudumu likaanza kuyumba. Nungunungu akachukua gogo, akaingia chini, akalikita kati ya gurudumu na ukuta, akalishikilia kwa bega lake la kizee. Pofu akatoka na mtoto wa kwanza. Akarudi, akatoka na wa pili.

Hapo Ngiri akayasahau maneno yote ya wakubwa. Akauvuta mti wa lango huku analia. Lango likashuka. Lakini maji yaliyokwisha pita yalikuwa yamepita, na mhimili ukakatika.

Nyegere alipofika, alikuta kimya. Gurudumu limelala ubavu. Maji yanachuruzika kwenye mbao zilizovunjika. Ngiri ameketi chini, ameshika kichwa. Wote walimtazama mikono. Akaingia chini ya mbao, akafanya kazi kama hajawahi kufanya, akanyanyua, akachimba, kucha zikang'oka. Akamtoa Nungunungu. Lakini Nungunungu hakuwa kitu cha kutengenezwa.

Wakamzika. Baada ya matanga Nyegere akaenda kwa mjane, Bi Mwanamiba. Akamkuta uani, akakaa chini mavumbini.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kukuambia mwenyewe. Swala alipofika nilimwona. Nilimwambia angoje."

"Angoje nini?"

Nyegere akainamisha kichwa. "Wimbo uishe."

Kuku wakapita kati yao wakidonoa.

"Na mume wangu naye," Bi Mwanamiba akasema, "nilimwambia mara ngapi, mfundishe mtu, mfundishe mtu! Angekuwa na mwenzake siku ile, mmoja angeshika gogo na mwingine angekuja kukuburuta huko kwa mkia. Mlikuwa wawili, kila mmoja anataka awe peke yake. Sasa umekuwa peke yako. Nenda, shemeji. Pole yako imefika."

Nyegere akaenda mbele ya baraza, akasema yote, hata lile la wimbo. Akamwambia Nyati, "Niondoe."

Nyati akasema, "Kuondoka ni rahisi. Panga upya kwanza."

Akapanga upya. Fuko akarudi kwenye mfereji, Mhanga kwenye mawe. Kila sehemu ikawa na mtu wake wa kuulizwa, na kila mtu akapewa mwenzake wa kujifunza naye, ili mmoja akiugua mwingine ajue. Wakaweka asubuhi ya kukagua, na siku ya mtambo kusimama hata kama haujavunjika. Na lango likaachiwa kila mkono: yeyote aliyeona hatari, mkubwa au mdogo, afunge kwanza, aulizwe baadaye. Akifunga bure, asilaumiwe.

Gurudumu jipya Nyegere alilichukua mwenyewe. Akagonga mbao, akatega sikio. Akasikia mbao tu. Alichokuwa akikisikia mzee, hapakuwa na wa kumwambia. Ilibidi agonge misimu na misimu, akosee, aanze tena, ndipo masikio yake yakaanza kufunguka kidogo. Na kila alichokisikia alimwambia Pofu, aliyekuwa mwenzake.

Mtambo ukasaga miaka na miaka bila kuvunjika. Vijana wakazaliwa, wakakua, wakaulizana, "Huyu mzee Nyegere kazi yake ni nini hasa?" Yeye alisikia, akaendelea kugonga mbao.

Bonde zima likala unga wa mtambo, isipokuwa nyumba moja. Bi Mwanamiba hakupeleka nafaka yake pale tena. Alisaga uani kwake, kwenye jiwe dogo, kwa mikono. Jioni, Ngiri akishafunga lango na gurudumu likishatulia, Nyegere alilisikia jiwe lile toka ng'ambo ya mto, kru, kru, kru, taratibu. Alikuwa anajua kutengeneza karibu kila kitu katika bonde lile. Alikaa ukingoni akalisikiliza mpaka likanyamaza, ndipo akaenda zake nyumbani.

Wenzangu, ngano hii inatufundisha hivi: kazi ya wengi ikikosa mwenye kuulizwa, kila mtu hudhani mwingine kaifanya. Ajuaye kitu amgawie mwenzake angali hai. Na aliyepewa ukubwa asikilize sauti inayomwonya kabla ya ile inayomsifu.

Ngano yangu imewafikia mlangoni. Mkitaka, ikaribisheni ndani, mkitaka, mwacheni jirani aichukue.

Tumeikaribisha!

Basi, laleni salama, kila mmoja kwao.