Mfereji wa Nne

Ndugu zangu, leo nataka niwaambie habari ya gego moja.

Kulikuwa na msusi mmoja, mke wa fundi seremala, mama mchangamfu kweli. Gego lake la juu likaanza kuuma. Akaenda kwa daktari wa meno, akachomwa ganzi, jino likatobolewa. Ndani ya mizizi ya jino kuna mifereji myembamba inayopitisha mishipa. Daktari akatafuta mitatu, kama alivyozoea kuikuta kwenye magego ya juu. Akaisafisha vizuri, akaziba.

Maumivu hayakwisha. Mama wa watu akawa hatulii. Anasuka nusu ya kichwa, anainuka, anazunguka nje, anarudi kukaa. Akigusa chai ya moto anaruka. Akarudi kwa daktari.

"Mama, kazi nimeimaliza," daktari akamwambia, akimwonyesha picha. "Hapa pako safi. Hayo mengine ni mawazo tu."

Nyumbani mumewe akaongezea: "Mke wangu, mtaalamu ameshaangalia. Unataka aone nini tena?"

Jamani, ungekuwa wewe ungejibu nini? Yeye alirudi kusuka. Akawa anatafunia upande mmoja. Akiulizwa hali, anasema nzuri. Mumewe akafurahi, akasema amepona! Hivi mtu akiacha kulia, ndiyo amepona?

Asubuhi moja alishindwa kufungua mdomo. Shavu limevimba hadi shingoni, homa kali, pumzi inakwama. Mumewe akamkimbiza hospitali. Daktari mwingine akatoa usaha, akaling'oa lile gego, maana mfupa uliolishika ulikuwa umeshaliwa. Kisha akaliweka chini ya kioo cha kukuzia, akamwita mume.

"Unaona kitundu hiki? Ni mfereji wa nne. Wengi wanao, na haufanani kwa kila mtu. Huu haukuguswa."

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa kweli?"

"Kwani hakukuambia?"

Mume akageukia kitanda. "Mama watoto, niambie. Ulikuwa unaumia vipi?"

Sasa ndiyo anauliza! Mkewe ana pamba mdomoni, taya limekaza. Alimtazama tu, machozi yakamtoka, akageukia ukutani.

Msiwe wepesi kumhukumu mume yule. Wala daktari wa kwanza hakuwa mzembe. Mitatu aliyoikuta aliisafisha. Ila hesabu yake ilipotimia, alimwambia mwenye maumivu kwamba hana maumivu.

Na sisi je? Humu kanisani tuna waliofiwa. Tuliwafungia turubai, tukaimba, tukaomba, tukapika. Halafu tukawaambia nini? "Bado tu unalia? Imani yako iko wapi?" Kwa sababu wewe ulimzika mumeo ukasimama tena, basi kila mjane asimame siku uliyosimama wewe? Wakajifunza kutujibu, "Namshukuru Mungu, niko salama." Na sisi tukapiga makofi, tukaita ushuhuda! Wengine wamehama kanisa, tunasema wamerudi nyuma. Nani alikwenda kuwasikiliza, bila jibu mfukoni?

Ibada ikiisha mtapeana mikono pale mlangoni. Yuko mtu atakayekuambia hajambo huku macho yake yanakimbia. Usiuachie mkono wake. Aliye nyuma yako kwenye foleni, mwache asubiri.