Kulanti ya Kijani na Mzinga wa Bibi Nzitu

Hebu fumba macho kidogo, uone lori. Limepakiwa mizinga ya nyuki, imefungwa kamba, na matundu yake yamezibwa kwa wavu. Jua ndiyo kwanza linachomoza. Nyuki wanavuma humo ndani kama watu wenye hasira waliofumba midomo. Umeliona? Basi fumbua macho, nikusimulie.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, wafuga nyuki wa kijiji kimoja huko Iramba walikuwa na lori moja la dizeli. Maua ya msituni yalipokauka, waliihamisha mizinga yao kwenye mashamba ya alizeti ng'ambo ya mlima. Safari hiyo ilikuwa na sheria moja: usisimame juani. Lori likienda, upepo unapita na nyuki wanapumua. Lori likisimama juani, nyuki wanapikwa.

Dereva wao aliitwa Mkumbo. Miaka yote alibeba nyuki wa wengine. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mzinga wake mwenyewe, mmoja tu. Basi asubuhi ile hakutulia. Alipanda, akashuka. Alikaza kamba, akaikaza tena.

"Mkumbo, tulia!" wanawake wakamcheka. "Kwani umeshikwa na uchungu wa kuzaa?"

Alicheka nao, lakini mikono yake haikutulia.

Mzinga wa Bibi Nzitu ulipakiwa wa kwanza, kwa heshima ya umri wake. Ukasukumwa mbele kabisa, ukabanwa na mizinga ya wengine. Bibi naye alikuwa na mzinga huo mmoja tu.

Siku iliyotangulia, fundi Njou alikuwa amebadilisha kulanti, yaani ile dawa ya maji inayozunguka ndani ya injini na kuipoza. Aliimwaga ya zamani yote, akasuuza rejeta kwa maji safi, akatia mpya, ya aina ile ile inayotakiwa na injini ile. Kisha akamwambia Mama Sinda, mtunza funguo za lori, "Likitembea kidogo, hewa itatoka na kulanti itashuka. Ikishuka, niite niongeze." Akaenda zake nyumbani na chupa iliyobaki.

Jioni lori likaendeshwa hadi kwenye mizinga. Alfajiri Mama Sinda akachungulia: kulanti imeshuka. Kwa fundi ni mbali, na jua linakuja. Lakini nyumbani alikuwa na chupa ya kulanti ya trekta. Akazilinganisha: hii kijani, na ile kijani. Akamimina, akafunga kifuniko, akampa Mkumbo funguo.

"Nenda, mwanangu. Kila kitu tayari."

Wakaondoka, Mama Sinda na Bibi Nzitu mbele pamoja na dereva, vijana wa kupakua juu. Walipofika mguuni mwa mlima, penye miti yenye kivuli, mshale wa joto la injini, pale mbele ya dereva, ukaanza kupanda. Mkumbo akautazama mshale, akatazama mlima. Nyuma yake nyuki wakavuma.

"Mbona unatazama hapo kila saa?" akauliza Bibi Nzitu.

"Ni mlima tu, bibi. Injini inahema."

Akakipita kivuli. Mshale ukapanda. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Nyuki wakavuma. Mshale ukaingia kwenye wekundu. Nikisimama hapa, nyuki wanakufa, akawaza. Nisiposimama, injini inakufa. Akakanyaga mafuta.

Katikati ya mlima, pasipo na hata kichaka, mvuke ukaruka mbele ya kioo na lori likasimama lenyewe.

"Shusheni!" Mkumbo akapiga kelele. "Shusheni, jamani, kimbieni!"

Wakaanza na mizinga ya nyuma, maana ndiyo iliyofikika. Wakaibeba mmoja mmoja, wakiteremka nayo hadi kwenye ile miti. Mzinga wa Mkumbo ukashuka, unavuma. Ya Mama Sinda na ya fundi Njou ikashuka, inavuma. Mzinga uliopakiwa wa kwanza ukawa wa mwisho kushuka. Bibi Nzitu akaweka sikio. Akagonga kwa kidole. Kimya.

Fundi Njou akaitwa, akaja na pikipiki. Injini ilipopoa akafungua rejeta, akachota kwa kijiti kitu kizito kama uji uliolala.

"Nani katia nini humu?"

"Mimi," akasema Mama Sinda. "Rangi ni ile ile!"

"Rangi! Mama, hata sumu wanaitia rangi. Hizi ni aina mbili, haziivi chungu kimoja. Zimegandana, zimeziba njia. Si nilisema niite?"

"Ulisema nikuite, hukusema kwa nini. Ulijua itashuka, ukaenda kulala na chupa yako! Na huyu dereva, macho anayo, mshale anauona, kivuli anakipita."

"Ningejuaje?" Mkumbo akasema. "Uliniambia kila kitu tayari. Nilikimbiza nyuki wetu wasife."

"Nilifanya kazi yangu sawasawa," akasema Njou.

"Nilitaka kusaidia," akasema Mama Sinda.

"Niliogopa kusimama," akasema Mkumbo.

Bibi Nzitu akanyoosha mkono. "Nimesikia. Nataka mzinga wenye nyuki hai."

"Chukua kwangu, bibi," akasema Mama Sinda upesi. "Mimi ninayo mingi."

"Kwa kuwa unayo mingi, au kwa kuwa umekosa?"

Mama Sinda akageuka, akaanza kuhesabu mizinga yake kwa kidole.

"Basi sitaki. Mzinga wa huruma sikai nao. Nataka wa yule aliyewaua nyuki wangu. Wala msiniambie mtachanga. Mzinga una malkia mmoja, haukatwi vipande vitatu."

Mkumbo akautazama mzinga wake. Akausogelea, akarudi. Akausogelea tena, akaweka kiganja juu yake, na nyuki wakavuma chini ya mkono wake.

Je, wewe unasemaje? Nani alistahili kumlipa Bibi Nzitu: fundi aliyejua akaondoka, mama aliyemimina bila kuita, au dereva aliyeona mshale akapita kivuli?

Jibu polepole, usiharakishwe na mtu. Ila nakuomba ukumbuke kitu kimoja: utakayemtaja, Bibi Nzitu atakwenda kuchukua mzinga wake.