Nguchiro na Vigingi vya Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama wakipika na kufunga milango, Tembo alikuwa Mkuu wa Mji. Mji ule ulikuwa na mila moja njema: mkaaji mwenye shida humwendea Mkuu barazani asubuhi, na Mkuu hali wala hanywi mpaka amsikilize wa mwisho.

Nje ya mji, porini, Mama Nguchiro aliishi na wanawe ndani ya kichuguu. Chini yao waliishi mchwa, majirani wema.

Siku moja, ko! ko! ko! Nguchiro akachungulia. Kumbe ni Nyati, askari wa mji, anagonga vigingi!

"Afande Nyati! Mbona wanipigia kigingi jikoni?"

"Mji umekua, mama! Tangu leo huku nako ni mjini. Na mjini hatutaki vichuguu. Keshokutwa tunabomoa!"

"Lo! Na maji ya mji yatafika huku?"

"Maji? Acha utani! Sheria kwanza."

Watoto wakaangua kilio.

"Nyamazeni," mama akasema. "Aliyetupa udogo hakutunyima akili." Akainamia tundu, akaita, "Jirani zangu! Mmesikia? Sisi sote ni wa mjini sasa!"

Kesho yake Nguchiro akamkuta Tembo barazani, chungu cha uji kikifuka moshi kando yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ati kweli sisi wa kichuguuni ni watu wako?"

"Marahaba. Kweli kabisa!"

"Hata walio chini ya ardhi?"

"Juu na chini, wote wangu!" Masikio yakapepea kwa majivuno, pwa! pwa!

"Mungu ashukuriwe! Basi tuna shida kidogo. Piteni, jamani!"

Weee! Mchwa wakamiminika, barabara nzima ikawa kahawia!

"Shikamoo, Mkuu. Nyati kanivunjia ukuta."

"Marahaba. Mwingine!"

"Shikamoo, Mkuu. Mimi kanivunjia ukuta uleule, upande wa pili."

"Marahaba... mwingine!"

Jua likapanda, likaanza kushuka. Uji ukaganda. Tumbo la Tembo, nguruu! nguruu!

"Mama Nguchiro, wamebaki wangapi?"

"Hawa wa barabarani ni wachache, Mheshimiwa. Ila malkia wao bado anazaa."

Tembo akaruka, ardhi ikatikisika, tii!

"Nyati! Kimbia kang'oe vigingi! Kule si mjini! Hawa si watu wangu!"

Akatumbukiza mkonga chunguni, fyooo! Nguchiro naye mbio nyumbani, kuwaambia wanawe wakoke moto jikoni mwao.

Wanangu, asiyetaka kusikiliza shida za watu asitamani kuwatawala.