Mkwe Ndani ya Lifti

Hebu niambie, wewe ungepanda ghorofa sita kwa miguu siku ngapi kabla hujafunga virago? Bwana Mshangama, mwenye jengo, aliona wiki moja ingetosha. Alitaka mafundi cherehani wa ghorofa ya sita wahame wenyewe, nafasi yao aipe benki. Asubuhi hiyo ya Ijumaa akaizima lifti kwa siri, ufunguo akautia mfukoni, kisha akamwita Siwema, fundi wa mitambo, mbele ya wapangaji wote.

"Lifti imekufia mikononi mwako, binti. Adhuhuri ikifika bado imelala, kazi huna."

Siwema akatega sikio mlangoni pa lifti. "Bosi, mama mkwe wako si huja kukuona kila Ijumaa?"

"Huja. Kwani vipi?"

"Basi tupunguze sauti. Huko juu nasikia kama mtu anavuta uradi. Nami nikianza kufungua mashine, ni mpaka alasiri."

Akilini Mshangama alimwona mkwewe amekwama gizani, kati ya ghorofa na ghorofa. Alichomoa ufunguo, akauzungusha ukutani. Lifti ikanguruma, ikashuka, ikafunguka. Ndani hamkuwa na hata mbu.

"Mama yuko wapi?"

"Kwake, nadhani. Sijamwona tangu Idi," alisema Siwema. "Ila bosi, umeiponyaje upesi hivyo?"

Mafundi cherehani walikuwa wameshautazama ule ufunguo, sasa wakamtazama mwenye ufunguo.

"Niliizima mimi," alisema Mshangama.