Kitanda cha Ishirini na Tatu

Sogeeni karibu. Hadithi hii nimekuja na nusu yake tu, nusu nyingine mtaimalizia nyinyi, kwa hiyo asiyetaka kazi aondoke sasa nisije nikamlaumu baadaye.

Katika kata ya Kipingo, huko kwenye machimbo ya kokoto, walikuwapo watu watatu waliojitolea. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta watoto wenye ulemavu waliofichwa majumbani, kuwaandikisha, na kuandaa sheria ndogo ya kata ili watoto hao wapate mahali pa kulelewa na kusomeshwa. Hakuna aliyewatuma. Walichoka tu kunyamaza.

Wa kwanza alikuwa Sikudhani, mponda kokoto, na kipawa chake kilikuwa macho. Alikuwa akipita uani kwa watu, nyumba ambayo watoto wote wanajulikana wako shuleni, akaona kigodoro kibichi kimeanikwa juani, basi anasimama. Anahesabu sahani zilizooshwa, zinazidi watu kwa moja. "Humu kuna mtoto," anasema, na hakuwahi kukosea. Wengine walimwita mchawi, lakini walimwita hivyo akishapita.

Wa pili alikuwa Mzee Chambuso, kinyozi, na kipawa chake kilikuwa ulimi. Hakuwa mtu wa kugonga mlango kwa hasira. Alikuwa anakaa kizingitini, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari za mgonjwa, anasifia kuku. Maji yakiisha kikombeni, mwenye nyumba analia na mlango wa chumba cha nyuma uko wazi.

Wa tatu alikuwa Perpetua, aliyewahi kuwa karani wa shamba la mkonge kabla halijafungwa, na kipawa chake kilikuwa kalamu. Barua za wengine zikifika halmashauri ziliwekewa vikombe vya chai juu yake. Ya Perpetua ilijibiwa, maana alitaja kifungu, tarehe, na jina la aliyeahidi, kisha akapeleka nakala kwa mkubwa wa huyo aliyeahidi.

Na kila mmoja wao alikuwa na wake nyumbani. Sikudhani alikuwa na binti, Zaituni, mwenye umri wa miaka minane, ambaye viungo vyake havikumtii na bila kuegemezwa alianguka. Mzee Chambuso alikuwa na mjukuu, Mbaraka, asiyesema neno, ambaye akiona mlango wazi hukimbilia ukingo wa shimo la machimbo. Alikwisha kudakwa pale mara mbili. Perpetua alikuwa na Editha, kiziwi, wa miaka kumi na mitatu, na walikuwapo wanaume wazima mtaani waliokwisha kuanza kumzungukia, wakijua hana namna ya kumtaja mtu.

Siku ya kwanza walipokutana, Sikudhani ndiye aliyesema, "Jamani, tusiwaandike wa kwetu. Mnaikumbuka orodha ya mahindi ya msaada? Walioandika walijaza shangazi zao na wakwe zao. Tukianza na wa kwetu, hakuna atakayetufungulia."

"Mama Zaituni kasema kweli," akajibu Mzee Chambuso. "Wa kwetu wawe wa mwisho."

Perpetua akaandika. Kikawa kifungu cha tisa cha sheria waliyokuwa wakiiandaa: mtoto wa mjitoleaji hataandikwa katika orodha ya kwanza. Na kwa sababu ya kifungu hicho watu walianza kuwaamini. Mzee Chambuso alikuwa akifika mahali pagumu, ulimi umegonga mwamba, anasema polepole, "Bibi, mimi hata mjukuu wangu sikumwandika. Nimekuja kwa ajili ya wako." Hapo ufunguo ulikuwa unatolewa.

Walizunguka mwaka mzima na miezi kadhaa. Sikudhani akiona, Chambuso akifungua, Perpetua akiandika. Walimkuta mtoto aliyefungwa mguu kwenye kitanda kwa kamba ya katani. Walimkuta mwingine ambaye mama yake alikuwa amewaambia majirani kwamba alikwisha kuzikwa. Ndipo Perpetua akaongeza kifungu cha kumi na mbili: kumfungia mtoto peke yake ndani ni kosa, na mzazi atashtakiwa.

Alhamisi moja, kama saa nne asubuhi, Sikudhani alikuwa mtaa wa tatu akimsomea kifungu hicho mama mmoja kijana. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa. Jirani yake Sikudhani akaja mbio, kanga mkononi, akasema, "Dada, nyumbani kwako kuna mtoto analia na mlango una kufuli."

Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga ya Sikudhani. Alikuwa amemwegemeza Zaituni ukutani, akamwekea mito pande zote, akamwachia sufuria ya uji wa moto mbali kidogo, ya kuja kumnywesha akirudi. Mbali kidogo haikutosha. Zaituni aliteleza akaiangukia, na waliomsikia walizunguka nyumba wakivuta nondo za dirisha mpaka mikono ikawatoka damu. Alipona, lakini paja na mkono wa kulia vilikakamaa zaidi ya mwanzo. Sikudhani alitamani ardhi impokee. Aliwaambia wenzake kwamba mtoto aliungua jikoni, akaishia hapo, na wao hawakumchimba. Baada ya wiki mbili alirudi kazini. Kufuli alilifunga tena, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto.

Hatimaye halmashauri ilikubali. Sheria ndogo ikapitishwa, bweni likajengwa kando ya shule ya msingi, na walezi wakaajiriwa. Lakini halmashauri hujenga kwa idadi, na idadi ilikuwa ile iliyoandikwa. Watoto ishirini na wawili kwenye orodha, vitanda ishirini na viwili. Fundi alipomaliza kupanga, pembeni pakabaki nafasi, akaongeza kimoja.

Bwana Kasubi, afisa ustawi wa jamii, aliwaita watatu hao ofisini Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

"Kimebaki kitanda kimoja," akasema. "Nimeomba vitatu, nimeambiwa tungoje hesabu nyingine ya watoto, miaka mitatu ijayo. Ni wa kwenu tu waliobaki. Andikeni jina la mmojawapo, mimi nitasaini."

Akaweka fomu mezani, na kalamu juu yake.

Mzee Chambuso, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alitazama mikono yake. Perpetua hakuigusa kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza Sikudhani kuwaona hivyo, na macho yake, mnajua tena macho yake, yakaanza kufanya kazi bila kutumwa. Yakaona kamba nyembamba iliyoning'inia kwenye mkanda wa suruali ya mzee, ikaingia mfukoni. Yakaona fundo gumu kwenye pindo la kanga ya Perpetua. Alikuwa ametembea na watu hawa kila siku, amesoma nyua za kata nzima, na hili hakuwa ameliona.

Akafungua pindo lake, akautoa ufunguo, akauweka mezani.

"Zaituni hakuungulia jikoni," akasema. "Nilimfungia. Hata sasa nimemfungia."

Perpetua alianza kulia. Akafungua fundo lake, akaweka wa kwake. "Editha anagonga mlango nikiondoka," akasema. "Hajui kwamba ninasikia mpaka barabarani."

Mzee Chambuso alivuta kamba polepole. "Wa kwangu nilimfunga hata mguu," akasema, akauweka ufunguo wake kando ya zile mbili.

Bwana Kasubi alitazama funguo tatu za makufuli, akatazama kifungu cha kumi na mbili kilichobandikwa ukutani kwa mwandiko wa Perpetua. "Hizo sijaziona," akasema. Akasimama, akachukua kofia. "Narudi saa nane. Nisipokuta jina, kitanda kitakwenda kata nyingine."

Haya, mimi nimefika mwisho wa nusu yangu. Bila macho ya Sikudhani, watoto wale wangeozea vyumba vya nyuma. Bila ulimi wa Chambuso, wangejulikana na milango isingefunguliwa. Bila kalamu ya Perpetua, milango ingefunguliwa na pasingekuwapo pa kuwapeleka. Zaituni ameungua, Mbaraka anaitwa na shimo, Editha anangojewa na wanaume. Na kifungu cha tisa kilichowafungulia wote hao na kuwafungia hawa watatu, aliyekitoa ni Sikudhani mwenyewe. Sijui kama hilo linampa haki au linamnyang'anya.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Bishaneni, lakini msikawie. Saa nane inakaribia, na watoto watatu bado wako nyuma ya makufuli, funguo zikiwa mezani.